Chema chajiuza, lakini si kwenye intaneti



Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii imewalea wengi wetu. Ndiyo maana ukimwomba mama wa hapa Kiirua akueleze kiondo alichosuka, atakigeuza mara mbili mkononi, atacheka kidogo, halafu atakwambia, "Ni kiondo tu, si unakiona?" Kwake kujisifu ni aibu. Kazi ijisemee yenyewe.

Sokoni jibu hilo linatosha. Lakini siku hizi vikundi vya kazi za mikono vinatuletea swali jingine. Wanasema, "Tulipiga picha, tukaweka kwenye simu, tukaandika: viondo vizuri, piga simu. Mwezi umeisha, wa pili umeisha, wapi! Hakuna anayepiga." Wengine wanaongeza kwamba viondo vile vile, vikichukuliwa na broka kwa bei ya kutupa, vinaonekana baadaye kwenye intaneti vikiuzwa mara nne au tano ya bei hiyo. Kilichobadilika ni picha na maneno.

Katika toleo hili tunataka kueleza kwa nini maneno yana nguvu hivyo, na jinsi kikundi kinavyoweza kuyaandika chenyewe. Tutatumia mfano wa kiondo kwa sababu ndiyo kazi inayojulikana zaidi kwetu Meru na Embu. Lakini haya yanamhusu pia mchonga viti, mfinyanzi, mshona shanga na wanaosokota sufu ya kondoo.

MTEJA ASIYE NA MIKONO

Mtu akija sokoni kununua kiondo, hufanya mambo mengi bila kusema neno. Anakishika apime uzito. Anavuta mkanda kuona kama umeshonwa vizuri. Anaingiza mkono ndani kupima kina. Anapitisha kidole kwenye msuko kutafuta mahali palipolegea. Akiwa na shaka, anamwuliza aliyekisuka, naye yupo pale pale.

Mteja wa intaneti hana mikono. Yuko Nairobi, au London, au Chicago, na anatazama kioo cha simu kisichozidi kiganja. Kiondo cha kubebea viazi na kiondo cha kuwekea shanga, kwenye picha vyote vinalingana. Uzi uliosokotwa pajani na uzi wa kiwandani, kwenye picha vyaweza kufanana kabisa. Haoni, hagusi, hanusi. Na anaogopa kuibiwa, kama vile sisi tunavyoogopa.

Basi kila kitu ambacho mkono wake ungemwambia, lazima maneno yako yamwambie. Hiyo ndiyo kazi ya maelezo. Mama anayeona aibu kujisifu asiwe na wasiwasi, kwa sababu hatumwombi ajisifu. Tunamwomba ajibu maswali ambayo mteja angeyajibu mwenyewe kama angekuwa na kiondo mkononi. Kusema "mkanda ni ngozi ya ng'ombe, umeshonwa mara mbili" si kujigamba. Ni ushahidi.

SOKO LILIKUJA, LIKAENDA

Wazee kidogo kati yetu wanakumbuka. Miaka ya 1970 na 1980 viondo vya Kenya vilikuwa fasheni Ulaya, Marekani na Japani. Wanunuzi walipita vijijini, wakachukua viondo kwa magunia. Vikundi vingi vya akina mama vilianzishwa au vilikua wakati huo, na makanisa yalikuwa mstari wa mbele. Shirika la Undugu lililoanzishwa Nairobi na Padre Arnold Grol mwaka 1973 kwa ajili ya vijana wa mitaani, lilikuja pia kuuza kazi za mikono nje ya nchi. Hapo jirani, Nanyuki, akina mama wa kusokota na kufuma sufu walianza miaka hiyo ya 1970 chini ya Kanisa la Presbyterian.

Halafu nini kikatokea? Viigizo vilivyotengenezwa kwa wingi huko Asia vikaingia kwenye soko lile lile kwa bei ya chini. Fasheni nayo ikapoa. Bei ikaanguka, na kiondo kikarudi kuwa kitu cha kubebea mboga.

Tunavyoona sisi, fundisho ni hili. Kwenye duka la ng'ambo kiondo chetu kilisimama karibu na cha kiwandani, na mara nyingi hakuna karatasi iliyomweleza mteja tofauti yake: kwamba hiki kimesokotwa kwa mkono, kimesukwa na mtu mmoja kwa siku kadhaa, na kitadumu miaka. Mteja aliona vikapu viwili vinavyofanana, akachukua cha bei rahisi. Hata wewe ungefanya hivyo.

Si viondo peke yake. Wakamba wanajua kwamba uchongaji wa kuuza ulianzishwa Wamunyu na Mutisya Munge, aliyejifunza Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Jina lake limehifadhiwa. Lakini twiga na vifaru wa mbao wanaouzwa kwa watalii, wangapi wana jina la aliyewachonga? Kazi isiyo na jina wala maelezo hulinganishwa kwa bei tu. Na kwa bei tu, mashine hushinda kila siku.

MASWALI SABA

Wengi wanaposhika kalamu wanakwama. Wanaandika "kizuri sana", "cha hali ya juu", "cha kupendeza", halafu maneno yanaisha. Hayo hayamsaidii mteja, kwa maana hata mwenye kiondo kibaya anaandika hivyo hivyo. Sisi tunashauri njia rahisi: usiandike kwanza. Kaeni wawili. Mmoja ashike kiondo, mwingine aulize na kuandika majibu. Aulize hivi:

1. Hiki ni nini? Taja jina lake, kiondo, halafu useme ni kikapu cha katani. Mteja wa mbali halijui neno kiondo. Anapotafuta kwenye intaneti huandika neno la Kiingereza la kikapu cha katani. Kama maneno hayo hayako kwenye maelezo yako, hatakufikia kamwe. Basi weka yote mawili: jina letu na jina analolijua yeye.

2. Kimetengenezwa kwa nini? Katani, sufu, nailoni, ngozi, shanga. Sema kweli. Kama mistari ya rangi ni nyuzi za sweta kuukuu lililofumuliwa, sema hivyo. Wako wateja wanaopenda kujua kwamba hakuna kilichotupwa.

3. Mkono ulifanya nini? Neno "kazi ya mkono" peke yake halitoshi tena. Soko la intaneti la Etsy, lililoanzishwa Marekani mwaka 2005 kwa ajili ya kazi za mikono, lilibadilisha masharti mwaka 2013 likaruhusu wauzaji kusaidiwa na viwanda, na mafundi wengi wakalalamika. Tangu hapo mteja anayejua huuliza: mkono upi, na ulifanya lipi? Kwa hiyo eleza: majani ya mkonge yaliparuliwa kwa mkono, katani ikasokotwa pajani, msuko ulianzia kitakoni ukapanda juu.

4. Ni kikubwa kiasi gani? Chukua tepu ya fundi wa nguo. Pima mdomo, kina na urefu wa mkanda, kwa sentimita. Peleka dukani kikapimwe uzito. Swali hili tunaliona dogo, kumbe ndilo linalorudisha bidhaa nyingi. Mteja alidhani ni kikubwa, kikafika kidogo.

5. Kinafaa kazi gani? Kubebea vitu vya soko, vitabu, uzi wa kufuma, au kuwekea nguo za mtoto. Kama kinabeba kilo tano bila kuvutika, sema. Lakini kijaribu kwanza.

6. Kinatunzwaje? Wewe unajua kwamba kiondo hakilowekwi kwenye beseni na hakianikwi juani rangi ikapauka. Yeye hajui.

7. Kina tofauti gani na kwenye picha? Rangi kwenye kioo cha simu haifanani na rangi ya mchana. Kiondo cha pili hakitalingana na cha kwanza kabisa. Ukisema mapema, ni sifa ya kazi ya mkono. Ukinyamaza, kikifika itaitwa kasoro.

Swali la nani na wapi halikuhitaji namba, lakini lisisahauliwe. Kiirua iko kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya. Mtu wa mbali huenda hajawahi kusikia Kiirua, lakini Mlima Kenya anaujua.

MFANO

Tuchukue kiondo kimoja tulinganishe. Maelezo ya kwanza ni kama yale tunayoyaona kwenye simu nyingi:

"Viondo vizuri vya kisasa vinapatikana kwa bei nafuu. Karibuni nyote. Mungu awabariki."

Maelezo ya pili yametokana na maswali saba:

"Kiondo, kikapu cha katani kilichosukwa kwa mkono Kiirua, Meru, kaskazini mwa Mlima Kenya. Katani imesokotwa kwa mkono, si uzi wa kiwandani. Rangi ni ya katani yenyewe, nyeupe ya maziwa, na mistari mitatu ya kahawia ya rangi ya unga ya dukani, iliyochemshwa ili isichuje. Mkanda ni ngozi ya ng'ombe, umeshonwa kwa mkono. Mdomo sentimita 30, kina sentimita 28, mkanda sentimita 65. Uzito gramu 700. Kinabeba kilo tano za viazi bila kuvutika. Kimesukwa na mtu mmoja kwa siku kumi na mbili, saa za baada ya shamba. Kingine kitapishana na hiki kwa sentimita moja au mbili. Pangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo, anika kivulini."

Angalia, ndugu msomaji. Katika maelezo ya pili hakuna neno "kizuri". Hakuna sifa hata moja. Lakini ukimaliza kusoma, kiondo umekiona na karibu umekishika.

Angalia pia kwamba rangi imeitwa rangi ya dukani. Wako watakaoshauri, "Andika ni rangi ya mimea, wazungu wanapenda." Kama ni ya mimea, andika, na utaje mmea. Kama si ya mimea, usiandike. Vivyo hivyo msiseme nyanya zetu walisuka katani tangu enzi na enzi. Mkonge asili yake ni Mexico. Ulifika Tanganyika mwaka 1893 kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf, na Kenya ukaja baadaye. Kabla ya hapo walisokota nyuzi za magome ya miti na vichaka, na wa pande za chini za Tharaka nyuzi za mbuyu. Msuko ndio wa kale, uzi ni mgeni. Hadithi ya kweli ni tamu kuliko ile ya kubuni, na haivunjiki mtu akiichunguza.

Baada ya hapo maelezo yatafsiriwe kwa Kiingereza. Kijana aliyemaliza Form Four anaweza. Sharti letu ni moja: akimaliza, amsomee aliyesuka, kwa Kimeru au Kiswahili, kila alichoandika. Siku hizi pia ziko programu za simu zinazoandika zenyewe ukiziomba. Zinasaidia Kiingereza kinyooke, lakini tahadhari. Mashine haijaona kiondo chako, na ikikosa la kusema huongeza la kwake. Itaandika "rangi za asili" na "ufundi wa karne nyingi" bila kuulizwa. Kila neno ambalo msukaji hawezi kulithibitisha lifutwe.

MSIUZE HURUMA

Hapa tunasema wazi kwa sababu jambo hili linatuuma. Kuna mtindo wa kuuza kazi ya mikono kwa kuonyesha umaskini wa mtengenezaji. Picha ya mama amekaa vumbini, watoto bila viatu, na maneno kwamba ukinunua kiondo utamwokoa. Wengine wanaandika mpaka ugonjwa wa mtu, ujane wake, na jina lake kamili.

Tunajua kwa nini wanafanya hivyo: kuna wanaonunua wakisukumwa na huruma. Lakini mnunuzi wa huruma hununua mara moja. Hatarudi kwa sababu kiondo kilimfaa, maana hakununua kiondo. Na yule mama, ambaye ni fundi wa miaka thelathini, anageuzwa ombaomba mbele ya dunia nzima. Mtoto wake akiwa sekondari ataiona picha ile kwenye simu ya mwenzake. Nani atamfutia?

Basi kikundi kiweke kanuni. Hakuna picha ya mtu wala jina lake bila yeye kukubali, na aone kwanza kilichoandikwa. Akikubali leo na kesho akakataa, kitolewe. Habari za ugonjwa, madeni na ndoa si maelezo ya kiondo. Kama mnataka kuonyesha mtu, onyesheni mikono yake ikifanya kazi, au yeye mwenyewe akiwa amevaa anavyopenda kuonekana. Utu wa fundi uko ndani ya ufundi wake, na huo ndio tunaouza.

PICHA

Si lazima kamera ya bei. Simu ya kawaida inatosha mkifuata haya:

Pigeni picha asubuhi au jioni, karibu na mlango au dirisha, si chini ya jua la saa sita wala chini ya balbu. Tandikeni shuka jeupe au la rangi moja. Ondoeni kuku, sufuria na nguo zilizoanikwa nyuma. Futa lenzi ya simu, maana mara nyingi ina mafuta ya mikono.

Piga angalau picha tano: kiondo kizima kwa mbele, ndani, kitako, mahali mkanda ulipounganishwa, na mtu amekibeba begani. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoonyesha ukubwa kwa mara moja. Kama kuna fundo lililojitokeza, lipigwe pia. Na kitu mnachouza kiwe kile kile kilicho kwenye picha. Kuchukua picha nzuri ya kikundi kingine na kuiweka kama yenu ni wizi, hata kama viondo vyenu ni vizuri zaidi.

BEI

Wakulima wa Kiirua wanajua maumivu ya gunia la viazi lenye kilemba: gunia linajazwa, halafu linashonewa jingine juu, na bei inabaki ya gunia moja. Broka anachukua kile kisichopimwa. Kwenye kiondo, kisichopimwa ni saa zetu za kazi.

Wacha tufanye hesabu ya mfano. Kila mtu aweke zake mwenyewe. Tuseme katani ni shilingi 250, rangi 80, mkanda wa ngozi 350. Jumla 680. Tuseme kiondo kilichukua saa 40 kwa jumla, na tumekubaliana saa moja ni shilingi 60. Hiyo ni 2,400. Tumefika 3,080. Ongeza 150 za bando na nauli: 3,230. Ongeza asilimia kumi ya mfuko wa kikundi, shilingi 323. Kiondo ni shilingi 3,553. Chini ya hapo, mama anaulipa mfuko wa mteja kwa jasho lake.

Mtashangaa, "Nani Meru atalipa hiyo?" Pengine hakuna, na ndiyo sababu ya kutafuta soko la mbali. Lakini hesabu hii ina kazi mbili. Inawaonyesha kama uzi mwembamba na msuko wa saa 40 unafaa soko lenu, au mnahitaji pia kiondo chepesi cha saa 15. Na broka akija, mnajua mnampa nini. Kuuza kwa broka si dhambi, naye ana gharama zake. Ubaya ni kuuza bila kujua.

MALIPO NA POSTA

Kwa mteja aliye Kenya mambo ni mepesi. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, fedha zinafika kabla basi halijaondoka stendi. Kwa mteja wa ng'ambo, mwaka 2018 Safaricom na PayPal walifungua njia ya kuhamisha fedha kutoka PayPal hadi M-Pesa. Kabla ya kujiunga na soko lolote la intaneti, ulizeni mambo matatu: linapokea wauzaji walio Kenya? Linalipa kwa njia gani? Linakata asilimia ngapi? Mengine yanakubali ufungue duka, kumbe fedha haziwezi kukufikia.

Wengi tunashauri waanze na WhatsApp ya biashara, ambayo ina mahali pa kupanga bidhaa, picha, bei na maelezo yake. Ni bure, na wateja wa kwanza ni watoto wa Meru walio Nairobi na ng'ambo, ambao tayari wanajua kiondo ni nini.

Jihadharini na walaghai. Ujumbe unaosema fedha zimeingia hauaminiki mpaka uangalie salio lako mwenyewe. Mteja anayesema amelipa zaidi kwa bahati mbaya na anataka umrudishie tofauti, huyo ni mwizi. Namba ya siri haitolewi kwa mtu yeyote, hata anayesema anapiga kutoka kampuni ya simu.

Gharama ya posta iandikwe mbali na bei ya kiondo, tena ulizeni Posta kabla ya kumwambia mteja. Kutuma kiondo kimoja nje ya nchi kunaweza kuzidi bei ya kiondo chenyewe. Viondo laini vinakunjwa, vingine vinaingia kimoja ndani ya kingine, kwa hiyo vinne pamoja ni nafuu kwa kila kimoja. Kila kifurushi kinachokwenda nje hujaziwa fomu ya forodha. Andikeni ukweli kuhusu kilichomo na thamani yake. Vitu vya mimea kama vibuyu na mbao vinaweza kuhitaji cheti cha KEPHIS, kulingana na nchi inayopokea. Na chochote cha mnyama wa porini, manyoya, ngozi au jino, msikiguse kabisa.

JINA NI MALI

Jambo la mwisho ni jina. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili huko kwao neno "kikoy" liwe alama yake ya biashara. Fikirini: vazi la Pwani, na mfumaji wa Kenya angeweza kuzuiwa kuuza kikoi Uingereza kwa jina hilo. Watetezi wa biashara ya haki, wakiwemo shirika la Traidcraft, walipinga, na ombi hilo halikufaulu.

Kenya nayo ilitunga mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya kijadi na tamaduni, inayozipa serikali za kaunti kazi ya kuandikisha maarifa ya jamii zake. Na kikundi chenyewe kinaweza kusajili jina na alama yake kwa KIPI, ofisi ya alama za biashara. Lakini hatua ya kwanza haihitaji wakili. Ni kuandika. Kikundi chenye daftari la viondo vyake, picha, tarehe, aina ya msuko na jina la kila aliyesuka, kina la kuonyesha siku mtu atakapodai ni vyake. Kisicho na daftari kina maneno ya mdomo tu.

TUANZE VIPI?

Mkutano ujao wa kikundi, kila mmoja aje na kitu kimoja alichotengeneza, tepu moja ya kupimia na daftari. Kaeni wawili wawili mwulizane yale maswali saba. Msiharakishe. Katika vikundi tulivyokaa navyo, swali la tatu ndilo linalochukua muda mrefu, kwa sababu mama akianza kueleza jinsi katani inavyosokotwa, wenzake wanamkatiza, wanabishana, wanakumbushana. Na wasichana waliokaa pembeni na simu zao wanaanza kusikiliza. Wengine hawajawahi kusikia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuliza.

Chema chajiuza, ndiyo, pale kinaposhikika. Kikienda mbali na mkono uliokitengeneza, kinahitaji mtu wa kukisemea. Asiposema aliyekisuka, atasema mwingine, na bei itamfuata huyo aliyesema.

Vikundi vinavyotaka kusaidiwa na maswali haya, au vyenye maelezo yaliyokwisha andikwa na vinataka yasomwe kabla hayajatolewa, vije ofisi ya maendeleo hapa parokiani. Njooni na kiondo chenyewe, si picha.